Chora Nyumba, Wizi Waachie Wachezaji

Msimu wa korosho ukianza, kuanzia Oktoba hivi, mtoto yeyote wa kijijini kwetu Lupaso anaweza kukuchorea mchangani jinsi mali inavyolindwa. Mkulima anapeleka magunia chama cha msingi. Korosho zinapimwa unyevu, zinatiwa daraja la kwanza au la pili, zinapanda mizani, mkulima anapewa karatasi yake. Mzigo unapakiwa kwenye lori kwenda ghala kuu, unangoja mnada. Kila hatua ina mtu wake, kila mtu ana daftari lake, na kila daftari lina wanaolitilia shaka. Anayetaka kutunga kisa cha wizi kwa ajili ya mchezo wa kuigiza mezani ana darasa zima hapo nje. Hana haja ya kuanza na benki ya Madrid aliyoiona kwenye tamthilia.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wanne watano wanakaa mezani. Mmoja, ambaye nitamwita msimulizi, anashika ulimwengu mzima, milima yake, majini yake na askari wake. Waliobaki kila mmoja anashika mhusika mmoja, anaeleza mhusika wake anafanya nini, na penye shaka dadu inaamua. Mchezo wenye jina kuliko yote, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Tangu mwanzo raha yake kubwa imekuwa kushuka shimoni, kuua zimwi na kupanda na hazina. Kisa cha wizi kina raha nyingine kabisa. Humo ukishaanza kupigana, ujue mchongo umeharibika.

Ushauri wangu ni huu, na mengine yote nitakayosema yanatoka hapo: msimulizi asitunge wizi. Atunge nyumba inayoibiwa, watu waliomo na mazoea yao, kisha awaachie wachezaji wale njama. Filamu zinatupoteza katika hili. Ocean's Eleven ya mwaka 2001 inamficha mtazamaji sehemu ya mpango ili mwishoni ashtuke. Mezani huwezi kuwaficha wezi mpango wao wenyewe. Ukija na mpango uliokwisha kuuandika, kwamba wataingia kwa dirisha la jikoni, watamlewesha mlinzi, watatoka na mkokoteni wa kuni, umewafanya wenzako wapagazi wa hadithi yako. Hata wakubwa wa kazi hii wamejikwaa. Kitabu cha Waterdeep: Dragon Heist cha mwaka 2018 kimebeba wizi kwenye jina, lakini ndani watu wanazunguka mjini kusaka hazina iliyofichwa. Kampuni iliyokichapisha ikaja kutoa Keys from the Golden Vault mwaka 2023, visa 13 vya wizi vyenye ramani za kuwapa wachezaji mkononi. Hapo walikuwa wameelewa.

Anza na kitu kinachoibwa, na kipime kwa mabega. Gunia la korosho ghafi ni kama kilo 80. Mwaka 2018, serikali ilipotangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kusomba, tani moja ilikuwa shilingi milioni 3.3. Mwenye tani kumi ghalani ana milioni 33, na mwizi mwenye mabega mawili haondoki hata na magunia mawili. Ndiyo maana wizi wa korosho unaolalamikiwa sana hauvunji ukuta. Ni wa kipimo na karatasi: kangomba anayemfuata mkulima mwenye shida na kumpa bei ya kutupa, mizani inayopunja, daraja la kwanza linaloandikwa la pili. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie kwenye korosho mwaka 2007, mali inakaa pake na karatasi yake inakaa pake. Kwa mtunga kisa hiyo ni zawadi. Kitu kikiwa kizito, wachezaji watalazimika kuiba umiliki wake, na hapo utawasikia wakizungumzia mihuri na makarani badala ya panga.

Nikupe mfano tutakaokwenda nao. Tuuite mji Ukingoni, uko juu ya uwanda mkavu usio na mto. Tajiri wake, Bwana Mizani, ana ghala la mvua. Wachawi wake hukamata mvua mawinguni, huitia katika mitungi na kuitia lakiri, na kila mwenye shamba hupewa stakabadhi ya mitungi yake. Mwaka wa ukame kijiji kimoja cha bondeni kilikosa cha kulipa, kikaweka rehani kinyago chake kikuu. Mvua ilishanyesha, deni likakua kwa riba, na kinyago kiko chumba cha juu cha Bwana Mizani mpaka leo. Wazee wanakitaka kabla ya vijana wao kutoka jandoni.

Kwa nini kinyago? Kwa sababu tunacho kisa chetu cha kweli. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yalivunjwa, na miongoni mwa vilivyoibwa kilikuwemo kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva yakakinunua huko Paris. Mwaka 1990 Profesa Enrico Castelli akatoa taarifa kwamba kile ni mali ya wizi. Ikapita miaka 20 ya mazungumzo hadi Mei 2010, ndipo kikakabidhiwa kwa Tanzania. Angalia kilivyo kigumu kitu hiki mkononi mwa mwizi. Kukibeba ni rahisi. Vinyago vya mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, huchongwa kwa mti mwepesi, mpingo ni wa sanamu. Kukiuza ni kazi, maana kila anayekijua anajua kilikotoka. Tena kinavaliwa kichwani, na uso wa mvaaji haujulikani. Mchezaji mwenye akili ataliona hilo la mwisho mara moja, naye atataka kutoka nje kwa lango kuu, anacheza, ngoma ikipigwa. Mwache.

Suala la nani mwenye mali lifanye zito kidogo. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa bado vibichi, Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akikusanya vitu vya makumbusho ya Leipzig, vinyago vikiwemo, na vingi alivinunua. Kununua kwa mtu aliyebanwa na kuchukua rehani ya mtu mwenye kiu ni ndugu wa baba mmoja. Bwana Mizani awe na karatasi halali kabisa mkononi. Wachezaji wakiisoma na kukuta haina kosa, watabishana wao kwa wao, na mabishano hayo ni nusu ya raha ya usiku.

Sasa nyumba. Vyumba vinane au tisa vinatosha. Uwanja wa mizani mbele, ofisi ya stakabadhi, ghala la mitungi, jiko, chumba cha walinzi, ua wa ndani, ngazi, vyumba viwili juu. Ramani wape. Najua wasimulizi wanaoificha kama siri ya ukoo, halafu wanashangaa wachezaji wanapozubaa mlangoni. Mtu hawezi kula njama juu ya nyumba asiyoijua. Ficha mambo mawili tu: kilichomo nyuma ya mlango mmoja, na kitu kimoja kilichobadilika tangu ramani ichorwe.

Njia za kuingia zisipungue tatu, na kila moja iwe na bei ya aina yake. Lango la mizani linataka karatasi na ujasiri. Mwembe uliolalia paa unataka mtu mwepesi na usiku usio na mbalamwezi. Mfereji wa kutolea maji ya mitungi iliyopasuka unataka mtu mwembamba asiyeogopa kuzama, na mvua ikimwagwa ghafla huko juu atakuwa na neno la kusimulia. Ukiona njia moja ni bora kuliko zote, iharibu kidogo.

Halafu ratiba. Nyumba isiyo na saa zake ni picha ya ukutani. Asubuhi kupima, mchana makarani wamelala, jioni mitungi kuhesabiwa, magharibi walinzi kupokezana. Weka na siku moja isiyo ya kawaida katika juma hilo: mnada, harusi, msiba wa mtu mkubwa. Lupaso tunajua kijiji kinavyogeuka siku hizo. Julai 2020, alipoletwa kuzikwa Rais mstaafu Benjamin Mkapa, mzaliwa wa hapa hapa, watu walimiminika kutoka kila upande. Siku ya namna hiyo ulinzi huongezeka maradufu, na wakati huo huo sura ngeni haimshangazi mtu. Aliyebeba sufuria ni mpishi, aliyebeba viti ni wa kamati. Wachezaji wachague wenyewe: usiku mtulivu wenye walinzi wawili, au mchana wa mnada wenye walinzi 20 na wageni 300.

Watu ndio nitakaokaa nao zaidi, kwa sababu hapo ndipo visa vingi vinakufa. Msimulizi anaandika "walinzi sita" kisha anapita. Mlinzi wa namba hana mlango wa kuingilia. Huwezi kumdanganya, kumhonga wala kumhurumia, unaweza kumpiga tu. Andika watu watano wenye majina, na kwa kila mmoja andika anataka nini, anaogopa nini, na ana mazoea gani. Mstari mmoja mmoja unatosha.

Karani wa stakabadhi, kwa mfano, ameamriwa kuandika mitungi ya daraja la kwanza kuwa ya pili. Anaandika, lakini ana daftari la pili chini ya mkeka lenye hesabu za kweli, na hajui mwenyewe kama analiweka ili ajikinge au ili siku moja amtishe tajiri. Anaogopa kulogwa kuliko kufukuzwa. Mlinzi wa lango ni askari mzee asiyelala wala asiyekunywa, mtu mgumu kweli kweli, ila kila magharibi humpelekea mama yake chakula, na mwenzake wa kumpokea mara nyingi huchelewa. Mpishi anasikia kila kitu na anadaiwa na akina mama wauza maji. Binti wa Bwana Mizani ana miaka 16 na amechoka kukitazama kinyago kile, anadai usiku kinamtazama na yeye. Karani, mlinzi, mpishi, binti: kila mmoja ni mlango, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa ili afunguliwe kwa namna fulani. Wachezaji wakiamua kumlipia mpishi deni, sawa. Wakiamua kumtisha, sawa, ila deni lake litajulikana mtaani.

Wa tano ni jini. Kisa chetu ni cha ulimwengu wa ajabu, na hapa ndipo ajabu inapoharibu mambo isipotungwa kwa uangalifu. Ulinzi wa kichawi ukiwa ni ukuta tu, wachezaji watautafutia uchawi mkubwa zaidi na habari itaishia hapo. Ufanye uwe sheria. Jini wa ghala la Bwana Mizani yumo ndani ya mtungi na kazi yake ni kuhesabu. Vinavyotoka nyumbani lazima vilingane na vilivyoingia. Kikizidi kimoja, anapiga yowe linalosikika mpaka bondeni. Haoni sura, hasikii maneno, hajali nani mwizi. Anahesabu tu, hata asiyeonekana kwa macho anamhesabu. Wachezaji wakipata habari hiyo kwa mpishi au kwa karani, wataanza kukuna vichwa. Wengine watatafuta fundi wa kuwachongea kinyago cha pili ili kiingie kimoja kitoke kimoja. Wengine watajaribu kumchosha jini kwa kumpitishia punje za mtama. Kundi moja kati ya mengi litakwenda kuzungumza naye, limuulize tangu lini hajalipwa. Majibu yote hayo uyakubali ilimradi yanafuata sheria uliyoiweka, na usiibadilishe katikati kwa kuwa wamekuwahi. Kwa njia hiyo hiyo utamtuliza mchezaji ambaye mhusika wake anapaa au kupita ukutani. Usimkataze. Jini hajali umeingilia wapi.

Ukiwapa yote haya, watapanga. Watapanga mpaka jogoo awike. Kundi la watu wanne linaweza kutumia saa tatu kubishana juu ya kamba, na ukiwaangalia usoni hakuna anayefurahi. Dawa zake ni mbili. Kwanza upelelezi uwe sehemu ya mchezo: kila mchezaji achague sehemu moja ya kwenda kupiga chabo, mmoja sokoni, mmoja jikoni, mmoja juu ya mwembe, na kila mmoja arudi na jambo moja la hakika na jambo moja la mashaka. Kisha wape nusu saa ya kupanga kwa saa ya ukutani. Ikiisha, sema: "Usiku umeingia, mko chini ya ukuta." Watalalamika. Endelea.

Dawa ya pili imeletwa na John Harper katika mchezo wake Blades in the Dark wa mwaka 2017, nami naiona ndiyo uvumbuzi mkubwa kuliko wote katika visa vya wizi. Wachezaji hawapangi kila kitu mwanzoni. Katikati ya tukio, mlango ukiwa umefungwa na nyayo zinakuja, mchezaji anaruhusiwa kusema: "Juzi nilikwenda kwa mpishi, nikamwachia ufunguo wa bandia." Mnarudi juzi kwa dakika mbili, mnaona alivyofanya, analipa gharama, mnarejea mlangoni. Harper ana hesabu yake ya kulipia. Wewe lipisha kwa urahisi. Kundi zima lipewe nafasi tatu kwa usiku mmoja, na kila nafasi idai kitu: fedha, ahadi kwa mtu, au dadu. Sharti ni kwamba huwezi kurudi nyuma kukanusha lililokwisha kuonekana. Mlinzi akishaanguka ngazini, ameanguka.

Dadu zisikusumbue. Zile za pande nyingi huku kwetu ni adimu, lakini dadu mbili za ludo zinatosha na zinaufaa wizi kuliko zote. Utaratibu ni wa Apocalypse World ya Vincent Baker, 2010: rusha mbili, jumlisha, 10 na kuendelea umefaulu safi, 7 hadi 9 umefaulu kwa gharama, 6 na kushuka umeharibu. Kati ya michanganyiko 36, sita tu ndiyo ya kufaulu safi, 15 ni ya katikati na 15 ya kuharibu. Mwenye ujuzi mwongezee moja au mbili. Hiyo ya katikati ndiyo uhai wa kisa. Umefungua kufuli, lakini ufunguo umevunjikia ndani. Umempita binti, lakini amekutambua na hajapiga kelele, na hujui kwa nini.

Kuharibu nako kusiue kisa. Chukua bao, kama mwenye nyumba atakuazima, tumia safu moja ya mashimo manane, weka kete moja kwenye shimo la kwanza. Kila kosa linaisogeza. Kwenye shimo la tatu mbwa wanabweka. La tano taa zinawashwa juu. La saba mlinzi mzee anarudi mbio kutoka kwa mama yake. La nane lango linafungwa na jini anaulizwa hesabu. Wachezaji waione kete hiyo muda wote, isikae nyuma ya mkono wako. Mtu anayeona bado mashimo mawili huanza kunong'ona hata pasipokuwa na haja.

Wasimulizi wengi wanasahau kutoka. Kitu kikishashikwa wanapiga makofi na kufunga kikao, na mimi naona huo ni uvivu, hasa kwa sisi wenye uwanda wa Makonde mbele ya macho. Nenda Newala usimame penye Shimo la Mungu utazame ardhi inavyokatika kwenda upande wa Ruvuma. Kushuka kuna njia chache, na anayekufukuza anazijua. Juu hakuna maji. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, akina mama walishuka mabondeni kuchota na kupanda nayo kichwani. Basi wakimbizi wako wape kibuyu kimoja kila mmoja. Aliyebeba kinyago kichwani hana pa kuwekea kibuyu. Wanaowafukuza hawatahangaika kufuata nyayo vichakani usiku; watakwenda moja kwa moja visimani kukaa na kungoja. Mpe kila mchezaji achague: barabara ya mikokoteni yenye kizuizi, njia ya mbuzi gengeni, au kujificha siku mbili juu bila maji. Kama walivunja mtungi mmoja wa mvua wakati wa kutoka, huu ndio wakati wa kuwakumbusha kwamba wingu linawafuata.

Mambo mawili ya adabu. Mapiko na jando vina siri zao, na mezani panaweza kukaa aliyepitia na asiyepitia, mwanamke na mwanamume. Tunga mila ya mji wako wa Ukingoni kuanzia chini, usichukue ya kwa babu yako ukaianika. Na uchawi uweke mbali, kwenye mitungi na majini. Usimtungie mhusika bibi kikongwe mchawi wa kijijini mwenye macho mekundu. Watu wa kweli wameumizwa kwa picha hiyo.

Usaliti wa mwajiri, kwamba wazee walikuwa waongo na kinyago si chao, utumie mara moja kwa mwaka ukipenda. Ukizoeleka, wachezaji hawatamwamini tena yeyote na watakataa kazi zako.

Na jiandae kwa kundi litakalokaa, lisikilize yote, litazame ramani, kisha mmoja aulize kwa nini wasiende tu kumwomba. Usicheke wala usiwarudishe kwenye mwembe. Bwana Mizani yuko barazani, anakunywa kahawa. Ana karatasi yake halali, ana karani asiyemwamini, ana binti asiyelala. Anataka kitu fulani ambacho hawezi kukinunua, nawe unapaswa kuwa umekiandika kwenye mstari wake kabla ya wageni kufika. Karibisha viti, rusha dadu mbili, na kete ya bao iache palepale kwenye shimo la kwanza, maana wakikosana barazani, wizi utafanyika usiku huo huo bila upelelezi wowote.